Dua, sala na mbuzi: kazi yangu baada ya kustaafu

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa Mtwara. Mashauri ya ndoa niliyoyafungulia faili mengi yalikuwa yameshaharibika: baraza la usuluhishi limeshindwa, watu wanasubiri talaka tu. Nilipostaafu nikatamani kukutana na wenzi mapema zaidi. Sasa naongoza sherehe za familia zenye dini mbili, na wengi mnaniuliza kazi yenyewe ikoje.

Mimi sifungishi ndoa, na hili nalisema siku ya kwanza. Mwanamume Muislamu anaweza kuoa Mkristo kwa taratibu za dini yake, ila binti Muislamu akitaka kuolewa na Mkristo, sheikh hafungishi. Mkatoliki naye akitaka kuoana na mtu asiyebatizwa, lazima askofu atoe ruhusa. Kwa hiyo nawarudisha kwanza kwa sheikh wao na padre wao, wakayasikie huko, si kwangu. Wasiotaka kubadili dini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imewaachia ndoa ya bomani: notisi ya siku 21, mashahidi wasiopungua wawili, cheti. Wakishatoka bomani, jioni nyumbani ndipo kazi yangu inapoanza.

Naanza na mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba asipoketishwa panapomstahili, hata ukipanga maneno mazuri namna gani hayasikiki. Kisha nauliza nani atachinja mbuzi. Akichinja Muislamu kwa bismillahi, uwanja mzima utakula. Akichinja mwingine, nusu ya wageni watashinda na soda. Masufuria ya kukodi nayo nauliza yalipikiwa nini mara ya mwisho, maana yaliyopikiwa kitimoto hayaingii. Tarehe inataka macho pia. Harusi zetu nyingi husubiri malipo ya korosho, na ukichelewa unaweza kukuta mifungo: mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani viliangukia wiki moja.

Sherehe yangu ya kwanza ilikuwa Chuno. Niliandika sala moja kwa mkono wangu, nikachukua maneno ya Fatiha nikayasuka na ya Baba Yetu, nikiamini ninawaunganisha. Katikati ya kusoma, babu yake bwana harusi akainuka, akachukua bakora yake, akatoka taratibu bila kusema neno. Baadaye bibi yake bi harusi akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, ile uliyosoma ni sala ya nani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo situngi sala. Ustadhi anasoma dua yake mpaka mwisho, upande wa pili wametulia. Katekista anasali yake mpaka amina, na hao wengine wametulia vilevile. Maneno yangu ni ya kuwaeleza wageni bwana na bi harusi ni nani na wamekubaliana nini, na ili niyapate nakaa nao mara tatu kabla ya siku yenyewe. Watoto watabatizwa au watapelekwa madrasa? Mmoja akitangulia, ni sanda au jeneza, na makaburi yapi? Kuna wazazi wanaoona nawaletea nuksi. Nawaelewa, lakini siwezi kuyaacha maswali haya. Nimeona familia zikigombania maiti wakati jua linazama.

Mwezi uliopita binti mmoja wa Mikindani alinyamaza muda mrefu nilipofika kwenye mazishi. Mwenzake alikuwa anakunjakunja ukingo wa mkeka. Kisha binti akamgeukia: "Mimi unizike kwa mama. Na wewe uje unisomee yenu, hata ukiwa nje ya uzio." Kijana akaitikia kwa kichwa. Nikaandika kama walivyosema, tukaendelea na habari ya mbuzi.