Kofia ya chuma isiyoshika sumaku

Mtu akiniletea kofia ya chuma ya vita, kabla hata sijaigeuza kutafuta chapa, natoa sumaku mfukoni. Ni ile ndogo ya kubandikia karatasi kwenye friji. Naigusisha kwenye bamba la kofia. Ikinata, nawaza jambo moja. Ikidondoka, nawaza jingine kabisa. Mwenye kofia kwa kawaida hunitazama kama mganga anayepiga ramli.

Kazi yangu ni kuvitunza vyuma vya zamani visiliwe na kutu. Nimeshughulikia majambia, makufuli ya milango na nanga, lakini ni kofia hizi zinazonirudisha mezani kila mara. Jina la zamani la kitu hiki kwetu ni chapeo. Tulilipata kwa Wareno, na wengi wetu tunalijua kwa ile "chapeo ya wokovu" ya Waefeso. Siku hizi askari anasema helmeti. Mimi nitasema kofia ya chuma, kwa kuwa chuma chenyewe ndicho ninachotaka kukieleza.

Kwanza niondoe dhana moja. Kofia hizi hazikuundwa kuzuia risasi ya bunduki. Risasi ya bunduki ya kijeshi ya mwaka 1914 ilitoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Ikikupiga sawasawa kutoka karibu, bamba lenye unene wa takribani milimita moja si kizuizi kwake. Kilichokuwa kikiwamaliza watu katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji kilitoka juu: makombora yaliyopasukia hewani na kumwaga gololi za risasi (hapa nasema madini, Kiswahili kimetubana), vigae vya chuma, mawe, hata mabonge ya udongo. Mtu akishakuwa ndani ya handaki, kinachobaki wazi ni kichwa na mabega. Na wakati huo Mfaransa alivaa kepi ya kitambaa, Mwingereza kofia ya kitambaa, na Mjerumani ile kofia ya ngozi yenye mwiba utosini, nzuri kwa gwaride na karibu haina faida nyingine.

Ndiyo maana huku kwetu, vita vya 1914 hadi 1918 havikuacha kofia hizi. Mapigano ya Afrika Mashariki yalikuwa ya kutembea porini, na malaria, kuhara na njaa viliua kuliko mizinga. Ukipita pale kwenye sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, tazama kichwa chake: hakuna chuma.

Wafaransa ndio walioanza, mwaka 1915, chini ya ofisa wa ugavi aliyeitwa August-Louis Adrian. Kwanza aligawa vibakuli vya chuma vya kuvaa chini ya kepi, kisha kofia kamili. Kofia yake ni chuma laini cha takribani milimita 0.7, vipande vimeungwa kwa ribiti, na juu kuna kishungi kama cha jogoo. Watu huona kishungi kile ni pambo. Chini yake kuna tundu la kupitishia hewa, na kishungi ndicho kinacholifunika. Ni kofia nyepesi, na kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote, lakini kadiri vipande vilivyo vingi ndivyo maungio yanavyokuwa mengi, na penye maungio ndipo penye udhaifu. Sumaku inainata vizuri.

Mwaka huohuo, London, John Leopold Brodie alisajili umbo ambalo Mswahili yeyote angeliita bakuli lililofunikwa kichwani. Bamba moja, pigo la mashine, ukingo mpana unaokinga mabega. Watu hulicheka umbo lile. Mimi silicheki, kwa sababu linatokana na chuma chenyewe. Zile za mwanzo zilikuwa za chuma laini, lakini kabla mwaka haujaisha walihamia chuma alichokigundua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, chenye madini ya manganizi takribani asilimia 12.

Chuma hiki kina tabia ya ukaidi: ukikipiga, kinazidi kuwa kigumu palepale ulipokipiga. Ndicho hutumika kwenye taya za mashine za kusaga kokoto na kwenye makutano ya reli, mahali panapogongwa kutwa kucha. Gololi ikiipiga kofia, chuma hubonyea na kukazana badala ya kupasuka. Ila mtengenezaji naye hukutana na ukaidi uleule: ukitaka kulivuta bamba liwe na kina kirefu, linakazana katikati ya kazi na linaweza kuchanika. Bakuli la kina kifupi lilikuwa jibu rahisi, na shingo na masikio vikabaki wazi.

Na chuma cha Hadfield hakishiki sumaku. Pale kilipopindwa sana unaweza kuhisi mvuto kidogo, lakini utosini sumaku inateleza tu. Ndiyo siri yote ya ramli yangu.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Friedrich Schwerd wa Hannover alichora kofia inayoshuka hadi masikioni na shingoni, ya chuma chenye nikeli na kromiamu, ikafinyangwa ikiwa ya moto. Ilifika Verdun, uwanja wa vita huko Ufaransa, mwanzoni mwa 1916. Ile miguu miwili inayochomoza kama vipembe pembeni ni mirija ya hewa, na pia iliundwa kushikilia bamba zito la ziada la paji la uso kwa mlinzi. Bamba hilo nililishika mara moja, na shingo yangu ikajibu kabla yangu. Sumaku hapa inanata barabara.

Kina na chuma cha Hadfield vilikutana Marekani mwaka 1941, kwenye kofia waliyoiita M1, iliyotoka kiwandani Detroit kwa mamilioni. Walifanikiwa kukivuta chuma kile, ila deni lilibaki: hadi leo nyingi zina nyufa ndogo zinazoanzia ukingoni, ambazo hazikuletwa na risasi bali na mkazo uliobaki ndani ya chuma tangu siku ya kufinyangwa. Ubunifu mwingine ulikuwa bitana. Kofia ya Uingereza ilikuwa na bitana iliyofungwa kwa skrubu utosini. Ya Marekani ilikuwa kofia nyepesi ya pili iliyokaa ndani ya ile ya chuma. Ukiitoa, una beseni la kunawia na kunyolea. Kuipikia kulikatazwa, maana moto huharibu chuma, na marufuku hiyo haikumzuia mtu mwenye njaa.

Mpwa wangu alinunua M1 mtandaoni, akaambiwa ilishuka na wanajeshi pwani ya Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Sumaku ikanata kama kupe. Nakala nyingi za Ulaya za baada ya vita ni za chuma cha aina nyingine. Nikamwonyesha na mshono wa ukingo: ulikuwa nyuma, na Wamarekani waliuhamisha kutoka mbele kwenda nyuma mwishoni mwa 1944. Akaniuliza, "Kwa hiyo, mjomba, niirudishe?" Nikamwambia aiweke tu, awekee funguo.

Zinazonigusa zaidi ni za raia. London ilipopigwa mabomu mwaka 1940, mtu wa mtaa alihitaji chuma kichwani sawa na askari. Walinzi wa mitaa walivaa kofia nyeusi yenye herufi W nyeupe, waokoaji R, wabeba machela SP, ili gizani na katika vumbi kila mtu ajue amshike nani. Kwa waliolinda moto juu ya mapaa kulikuwa na kofia iliyobuniwa na kundi la mwanasayansi Solly Zuckerman: utosi umeinuka ili pawe na nafasi kati ya chuma na fuvu, bitana imefungwa kwa kamba kama ya kiatu kupitia matundu ya ukingoni. Chuma chake ni hafifu. Kizuri kilikwenda vitani.

Hata zile za umbo la kijeshi hazikuwa sawa. Ambayo haikufikia kiwango cha majaribio haikutupwa. Ilitobolewa matundu madogo ukingoni na kupewa raia, na matundu hayo ndiyo yaliyoeleza ubora wake. Nimewaona wakusanyaji wakiyaziba na kupaka rangi, wakidhani ni uharibifu.

Ujerumani nako, baada ya 1945, chuma kilikuwa kingi na vyombo vya jikoni hakuna. Kofia za askari zikatobolewa safu kwa safu, zikatiwa vishikio, zikawa vichungio vya kumwagia maji ya viazi. Moja ninayo hapa mezani wiki hii. Mwenyewe ameomba niisafishe, ila nisiuguse ule weupe wa chokaa ya maji uliojijenga ndani.