Mzigo wa ushuru: anayepeleka na anayebeba

Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Mzigo huo ni upungufu unaobaki mfukoni mwa mtu ushuru ukishapita mikono yote. Anayeubeba si lazima awe yule aliyepeleka pesa KRA, mamlaka ya kukusanya ushuru. Mwenye kiwanda cha sabuni ndiye anayewasilisha VAT (ushuru wa ongezeko la thamani, unaowekwa kwenye bei ya bidhaa), lakini anayeitoa ni mama anayenunua mche mmoja pale Kibuye, Kisumu, akafue.

Huku kwetu Nyanza somo hili lilianza zamani. Serikali ya kikoloni ilileta ushuru wa nyumba mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongeza ushuru wa kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Kiwango kilikuwa kimoja kwa kila nyumba. Sasa fikiria boma la Mjaluo ambapo kila mke ana nyumba yake: mwenye wake watatu analipia nyumba tatu, awe na ng'ombe au hana. Pesa zenyewe zilikuwa za kutafutwa, na njia ya kuzipata ilikuwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, Nakuru na kwingineko. Hilo halikuwa bahati mbaya; walowezi walitaka vibarua, na ushuru ukawasukuma watu kwao.

Kufikia 1921 ushuru ulikuwa umefika shilingi 16. Desemba mwaka huo watu walikutana Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, ambayo wengi waliijua kama Piny Owacho (yaani "nchi imesema"), na kupunguzwa kwa ushuru kukawa miongoni mwa madai yao. Mwaka uliofuata ushuru ulishuka hadi shilingi 12. Lakini tazama upande wa pili: ushuru wa mapato, ambao ungewagusa walowezi, waliupinga ukaondolewa mwaka huohuo wa 1922, na haukurudi hadi 1937. Kwa maoni yangu hakuna hesabu inayoeleza dhuluma ya wakati ule vizuri kuliko hiyo.

Siku hizi hatuhesabiwi nyumba, ila kosa la kiwango kimoja kwa wote bado lipo ndani ya VAT, iliyoanza 1990. Tuseme familia ya mtaa wa Kondele, Kisumu, ina mapato ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na 5,800 zinakwenda kwa bidhaa zenye VAT ya asilimia 16. Hapo 800 ni ushuru, yaani asilimia 4 ya mapato yake. Mwenye 400,000 akitumia 29,000 kwa bidhaa hizohizo, ushuru ni 4,000, lakini kwake hiyo ni asilimia 1 tu. Kwa shilingi amelipa mara tano ya familia ile, kwa uzito amebeba robo ya mzigo wake. PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, angalau hupanda kadiri mshahara unavyopanda, kutoka asilimia 10 hadi 35.

Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza VAT kwenye mkate, vijana waliujadili hadi kwenye stendi za boda. Pendekezo la mkate liliondolewa mapema, na mswada wote ukaachwa Juni 26, baada ya maandamano yaliyofika hadi Kisumu na Nakuru.

Kuna kona moja inayowapita wengi. Mkate wa kawaida na unga wa mahindi viko kwenye kiwango cha sifuri: mwokaji hatozi VAT, na ile aliyolipia umeme na karatasi za kufungia anarudishiwa na KRA (akingoja sana, lakini anadai). Bidhaa iliyosamehewa ni tofauti. Mnunuzi haoni VAT kwenye risiti, ila mtengenezaji harudishiwi chochote, kwa hiyo gharama ile anaiweka kwenye bei. Bidhaa ikihamishwa kutoka sifuri kwenda msamaha, dukani inaweza kupanda bila senti moja ya VAT kuandikwa popote.