Spika haijachanika: dhana potofu kuhusu albamu mpya zenye sauti nzuri

Jumamosi moja ya Agosti, upepo wa Dodoma umepamba moto na vumbi limeshaingia mpaka kwenye kopo la sukari, kijana wa jirani yangu hapa Chang'ombe alibisha hodi amekumbatia sabufa kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo kaka. Ile albamu uliyonitumia imeniulia spika. Wakigonga tu marimba, inalia zzz. Naipeleka kwa fundi Majengo."

Nilimwambia aitue kwanza, tuiwashe pamoja. Tukafungulia taarifa ya habari, sauti ya mtangazaji ikatoka safi. Tukaweka bongofleva yenye besi nzito, nayo ikapita bila tatizo. Tuliporudi kwenye ile albamu, mvumo ukarudi palepale.

Spika ilikuwa nzima. Alichokuwa anakisikia ni ilimba.

Hii ndiyo dhana potofu ninayokutana nayo kuliko zote: kwamba sauti nzuri ni sauti laini, na chochote kinachovuma au kukwaruza ni kasoro ya kurekodi au ya chombo. Ilimba la Kigogo ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye sanduku lake hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe unaofanana na karatasi nyembamba, ambamo buibui hufunika mayai yake. Chuma kikilia, hewa iliyo ndani ya sanduku inautikisa utando, nao unavuma. Mvumo huo umewekwa kwa makusudi, na mpigaji huubadilisha utando ukichakaa. Maikrofoni nzuri ikisogezwa karibu huunasa wote, tena na kugusa kwa kucha kwenye chuma. Kumbe sabufa ya yule kijana ilikuwa inafanya kazi yake vizuri mno.

Namna ya kutofautisha ni nyepesi. Punguza sauti mpaka karibu na kunong'ona. Mvumo wa ilimba utabaki, mdogo, umeshikamana na kila noti. Spika iliyochanika mara nyingi hutulia ukipunguza, halafu hulalamika kwa kila wimbo wenye besi, hata wa kwaya. Na rekodi iliyoharibika kwa kujazwa sauti kupita kiasi hukwaruza pale tu wote wanapoimba au kupiga kwa nguvu.

Albamu yenyewe ni Maisha ya The Zawose Queens, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Real World mwaka 2024. Waimbaji ni Pendo na Leah Zawose, mtoto na mjukuu wa Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu wa Dodoma aliyeupeleka muziki wa Kigogo duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Ukinikuta barabarani ukaniuliza usikilize nini cha miaka ya karibuni, nitakutajia hiyo kabla hatujamaliza salamu. Katika kundi la familia hiyo wanawake walikuwa waitikiaji kwa miaka mingi, mbele wakisimama wanaume. Hapa wamekuja mbele wao, na unalisikia jambo hilo kwenye rekodi: sauti zao ziko karibu nawe, pumzi inasikika kabla ya neno, na wakipishana, mmoja juu na mwingine chini, unaweza kumfuata mmoja peke yake bila kumpoteza mwenzake.

"Bila studio kubwa hakuna sauti nzuri"

Mwaka 2005 ilitoka In the Heart of the Moon ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté wa Mali. Gitaa moja, kora moja (kinubi cha Afrika Magharibi), na wageni wachache. Waliirekodi katika chumba cha hoteli mjini Bamako, kando ya mto Niger, bila mazoezi ya pamoja kabla, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Ninaamini ni miongoni mwa rekodi za Afrika zinazosikika vizuri kuliko zote. Nyuzi za kora unazihesabu moja moja.

Kilichofanya kazi pale ni watu wawili wanaojua wanachopiga, chumba chenye ukubwa wa kutosha kuipa sauti nafasi, maikrofoni zilizowekwa mahali pake, na mtu wa mitambo aliyejua wakati wa kuacha mikono yake chini. Maisha nayo imerekodiwa hukuhuku nyumbani, Bagamoyo, ambako familia ya Zawose iliweka makazi.

Kinyume chake nakijua pia. Studio ghali ikimpokea mwimbaji asiyejiandaa, inachofanya ni kukuonyesha kwa uwazi zaidi kwamba hajajiandaa.

"Albamu yenye sauti kubwa ndiyo yenye sauti nzuri"

Hapa naomba nikae kidogo, maana imeniuma binafsi. Kwaya ya mtaani kwetu ilirekodi nyimbo nane katika studio moja ya hapa mjini. Kulikuwa na wimbo mmoja unaoanza na sauti ya kwanza peke yake, taratibu kabisa, kama mtu anayeomba usiku asiamshe watoto. Inafuata ya pili, halafu ya tatu, na ya nne inapoingia na ngoma, watu kanisani walikuwa wanasimama wenyewe. Tuliporudishiwa kazi, mwanzo na mwisho vilikuwa na ujazo uleule. Yule mama aliyeimba peke yake alisikika kama anapiga kelele, na ngoma ilipoingia haikuongeza kitu, kwa sababu nafasi ilikuwa imeshajaa. Walituambia wameipa nguvu.

Walichofanya ni kukandamiza: kushusha sehemu zenye nguvu ili zifanane na zile tulivu, kisha kupandisha zote mpaka juu. Kukandamiza kidogo ni kazi ya kawaida ya kila studio. Kukizidi, muziki unapoteza kupanda na kushuka, na sikio linachoka bila mtu kujua amechoshwa na nini. Kundi la Metallica la Marekani lilipotoa Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wao wenyewe walilalamika. Wengi waligundua kwamba nyimbo zilezile zilisikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta, kwa sababu huko hazikuwa zimekandamizwa kiasi kile.

Siku hizi hata faida iliyokuwa ikitafutwa imepungua. Programu za kusikilizia muziki husawazisha ujazo wa nyimbo. Spotify, kwa mfano, hulenga kiwango cha LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ujazo wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Albamu iliyokandamizwa ili ishinde wenzake inashushwa na programu, na inabaki imebanwa vilevile.

Kwa hiyo mtu akikuchezea albamu mbili na kukuuliza ipi nzuri, kwanza zilinganishe ujazo kwa mkono. Iliyo juu kidogo mara nyingi huonekana bora, hata kama si bora. Sikio ndivyo lilivyo.

"Namba kubwa, sauti bora"

CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za kompyuta. Sikio la binadamu kijana na mzima husikia mpaka karibu mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kipimo cha CD kinatosha kuibeba yote hiyo. Biti 24 zina faida kubwa studioni wakati wa kurekodi na kuchanganya. Kwa msikilizaji wa sebuleni hazibadilishi mengi. Faili la MP3 lililobanwa sana ukiligeuza kuwa FLAC, aina ya faili isiyokata sauti, unapata faili kubwa lenye sauti ileile, kwani kilichokatwa hakirudi. Wauzaji wa nyimbo za kuweka kwenye flashi wanajua kulipa faili jina zuri, basi usinunue jina.

"Imeandikwa mwaka huu, kwa hiyo ni mpya"

Mwaka ulioandikwa chini ya picha unaweza kuwa wa toleo tu. Rekodi za zamani husafishwa na kutolewa upya, na wakati mwingine toleo jipya lina haki zote za kupendekezwa. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu za mwaka 1959, na kwa zaidi ya miaka 30 dunia ilikuwa ikisikia upande wake wa kwanza umekwenda juu kidogo ya noti halisi, kwa sababu mashine mojawapo ya kurekodia haikuwa na mwendo sahihi. Kosa lilirekebishwa katika toleo la miaka ya 1990. Lakini yapo pia matoleo mapya ambayo kazi yake ni kupandisha ujazo tu, na kanda ya zamani inayashinda. Kabla sijamtumia mtu, naangalia ilirekodiwa lini na nani aliishughulikia mara ya pili.

"Wimbo mmoja mkali unatosha kuipendekeza albamu"

Hautoshi. Wimbo wa kwanza kutolewa huwa ndio uliotumiwa pesa na muda mwingi. Mimi nasikiliza wa nne na wa saba, na wa mwisho. Nasikiliza pumzi: je, mwimbaji amevuta hewa mahali pa kawaida, au vipande vimeunganishwa mpaka haonekani kuwa ni mtu? Nasikiliza kama wapigaji wanasikilizana, mmoja akitulia mwenzake anajibu. Halafu nairudia kesho yake, asubuhi, kabla ya kelele za bodaboda.

Kwa kipimo hicho, Uhamiaji ya Msafiri Zawose, mtoto mwingine wa Hukwe, iliyotolewa na kampuni ya Soundway mwaka 2017, ninaipendekeza nzima. Humo nyimbo za Kigogo zimekutana na mitambo ya kielektroniki, na kuna wazee watakaonuna. Mimi sinuni, maana mitambo imeachia sauti ya Msafiri nafasi. Na Siti of Unguja ya Siti Muharam, ya mwaka 2020, kwa mpenzi wa taarabu: mwimbaji ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Isikilize usiku, taa ikiwa imezimwa.

Singeli nayo ina vipimo vyake. Ukiipima kwa ulaini utaikosea heshima. Mwendo wake mkali na sauti zake za kukwaruza zimechaguliwa na watu wanaojua wanachofanya.

"Bila vyombo vya mamilioni husikii tofauti"

Tulirudi na yule kijana kwao, sabufa mkononi, bila kupita kwa fundi. Ilikuwa imesukumwa kwenye kona, na kona huongeza besi mpaka inameza kila kitu. Tukaivuta kama hatua moja kutoka ukutani. Sakafu yao ni vigae, kuta ni tofali zilizopigwa lipu, hakuna pazia zito, sauti inaruka kama mpira. Tukatandika mkeka mkubwa na kufunga pazia la kanga mbili.

Kisha simu. Programu ilikuwa imewekwa ijichagulie ubora yenyewe, na mtandao wa mtaa wetu ukizidiwa jioni, ubora unashuka kimyakimya. Tukaipandisha kwa mkono, tukaipakua albamu nzima usiku, bando likiwa rahisi, ili isitegemee mtandao. Bluetooth hubana sauti upya kabla ya kuirusha, kwa hiyo tulitafuta waya. Alikuwa nao, umefunga mlango wa kabati. Gharama ya jioni nzima ilikuwa bei ya bando.

Kesho yake saa kumi jioni aliiweka Maisha tangu mwanzo, ujazo wa wastani, wa kuongea bila kupaza. Mama yake alikuwa uani anachambua mlenda. Ngoma zilipoingia na wale wanawake wakaanza kupokezana, aliacha ungo, akasogea mpaka mlangoni na mikono yake ya kijani, akamuuliza mwanawe hao ni wa kijiji gani.