Insulini hukamilishiwa ndani ya kifuko

Wanafunzi wengi wa labo hapa Bukavu wakichora seli ya beta ya kongosho, huchora vifuko kama magunia ya akiba ambamo insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, huingia ikiwa tayari. Kinachoingia ni proinsulini, yaani insulini ambayo haijakamilika, mnyororo wa asidi amino (vijenzi vya protini) 86, na kazi kubwa bado iko mbele.

Proinsulini hukunjwa kwenye retikulamu ya endoplazma, mtandao wa utando ndani ya seli, hufungwa kwa vifungo vitatu vya salfa, kisha hupita Golgi, kituo cha seli cha kupanga na kufunga protini. Huko mwishoni huchomoza kifuko kichanga, bado kimevaa viraka vya klathrini, protini inayofunika vifuko vinapochomoza. Pampu za protoni kwenye utando wake hutumia ATP, nishati ya seli, kujaza asidi ndani, hadi pH (kipimo cha asidi) ishuke karibu na 5.5. Asidi hiyo ndiyo huamua kila kitu. Vimeng'enya PC1/3 na PC2, vinavyohitaji pia kalisi, hukata proinsulini katika sehemu mbili za mnyororo. Kimeng'enya kingine, kaboksipeptidasi E, huondoa asidi amino nne zinazobaki kwenye ncha. Hupatikana insulini yenye asidi amino 51 na C-peptidi, kipande cha kati kilichokatwa, yenye 31.

Kisha zinki, inayoletwa na kisafirishi ZnT8, hukusanya insulini sita-sita kuzunguka ioni mbili, na fuwele huanza kujengeka. Wavuvi wa Kivu hukausha sambaza ili gunia moja libebe nyingi. Fuwele hufanya hivyo na zaidi, maana insulini hiyo yote ingebaki imeyeyuka, ingevuta maji na kifuko kingevimba. C-peptidi haigandi, hubaki kwenye majimaji ya pembeni. Vilengelenge vya klathrini huondoa visivyohitajika, na kifuko kikomavu hubaki na kipenyo cha nanomita 300 hivi.

Katika ugonjwa wa sukari wa aina ya 2, seli zikilazimishwa mno, hutoa vifuko visivyokomaa, na proinsulini huongezeka katika damu ikilinganishwa na insulini.

Kwa kuwa insulini na C-peptidi hutoka kwa idadi sawa ya molekuli, C-peptidi huonyesha kongosho linatoa nini hata kwa mgonjwa anayejidunga insulini. Mkitoa damu ya kupima insulini na C-peptidi, tumieni tyubu ya EDTA, yenye kemikali inayozuia damu kuganda. Chembe nyekundu za damu zikipasuka, kimeng'enya chao huvunja insulini na jibu la insulini hushuka kwa uongo. Tena ulizeni hali ya figo kwanza: zikishindwa kazi, C-peptidi hupanda hata kama kongosho limechoka.