Bima pungufu: vyombo vya ndani vinapouzidi mkataba

Bima pungufu ni kukatia vyombo vya nyumbani bima ya kiasi kidogo kuliko thamani yake halisi. Wengi hujipa moyo: nimekata ya milioni 6, basi likitokea la kutokea nalipwa mpaka milioni 6. Sivyo hesabu inavyokwenda.

Chukua nyumba ya pale Ligula, Mtwara. Makochi, vitanda, friji, televisheni, nguo na vyombo vya jikoni ukivijumlisha vinafika shilingi milioni 12, ila mkataba unasema milioni 6. Moto unaanzia jikoni, vitu vya milioni 4 vinateketea. Mwenyewe anasubiri milioni 4 zake, maana hazijafika 6. Kampuni inasema: ulilipia nusu ya mali, unafidiwa nusu ya hasara. Anapata milioni 2, na hapo bado hakijatolewa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba unamtaka abebe mwenyewe. Hicho ndicho kipengele cha wastani, na kimo katika mikataba mingi ya mali. Kinauma sana kwa mtu ambaye hakuelezwa siku anaweka saini.

Huku kusini jambo hili lina msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo yakiingia nyumba hubadilika: friji kubwa, makochi mapya, bati la banda. Mkataba uliokatwa Machi haujui habari hizo. Ndiyo maana nasisitiza mtu apite kwa wakala wake baada ya mauzo, aombe kiasi kipandishwe. Ada itaongezeka kidogo. Ila asikuze thamani kupita kiasi, maana fidia hurudisha kilichopotea tu. Cha ziada ni ada ya bure.

Uliza pia kama unalipwa bei ya kitu kipya au thamani ya kitu kilichochakaa. Na uliza mafuriko kwa jina lake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Kilwa, hapakuwa tena na nafasi ya kuuliza. Moto na radi huwamo kwenye bima ya kawaida ya moto. Dhoruba na mafuriko mara nyingi huongezwa kwa makubaliano. Mpangaji naye ajue kwamba bima ya jengo aliyokata mwenye nyumba haigusi vyombo vyake.

Kisha ushahidi. Risiti ya mashine ya EFD hufifia. Ukiiweka kabatini kwenye joto letu la pwani, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo. Geuza na friji, upige kibandiko cha nyuma chenye namba yake, halafu mtumie ndugu aliye mji mwingine, kwa sababu simu nayo huungua.