Mkate wa kitunguu saumu wenye sukari: wageni wa Magharibi na hamu ya chakula cha kwao Korea

Dhana: Wageni wanatamani piza na baga kwa sababu Korea Kusini hazipatikani.

Zipo, tena zamani. Lotteria ilianza kuuza baga Seoul mwaka 1979, Pizza Hut ikaingia Itaewon, mtaa wa Seoul, 1985, McDonald's ikafuata 1988, mwaka wa Olimpiki. Paris Baguette nayo, jina la Kifaransa lakini mwenyewe Mkorea, imejaa mitaani. Tatizo ni kwamba chakula unakipata, unauma, halafu ulimi unakataa: sicho.

Fungua boksi la piza uone. Juu wamemwaga mahindi, ukingoni wamezungusha viazi vitamu vilivyopondwa vikalainika kama krimu, na pembeni kuna kikopo cha matango ya siki. Mkate wa kitunguu saumu ndio unaoumiza zaidi. Harufu ni ile ile, siagi inang'aa, ukiuma unakuta utamu wa keki. Ni kama kuuma sambusa ya nyama ukakutana na sukari. Mtu aliyeshinda siku nzima akiuwaza mkate wa kwao hapo ndipo hamu inapompanda maradufu.

Dhana: Basi Wakorea wamekosea mapishi.

Wamekosea nini? Wanawapikia walaji wao. Sisi wa Pwani tambi tunazipika kwa sukari, iliki na tui, tena ndizo tunazofuturia, na Mwitaliano akiziona atashika kichwa. Shauri yake.

Kuna chakula cha Magharibi ambacho Wakorea wamekichukua moja kwa moja. Baada ya Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 chakula kilikuwa adimu, na nyama za kopo na soseji zilizotoka kambi za jeshi la Marekani ziliishia chunguni pamoja na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa, na pilipili. Ndiyo budae jjigae, yaani mchuzi wa kambi. Mji wa Uijeongbu, kaskazini mwa Seoul, una mtaa mzima wa migahawa yake. Leo Spam, ile nyama ya kopo ya Kimarekani, hupangwa kwenye boksi la heshima na kutolewa zawadi wakati wa Chuseok, sikukuu ya mavuno. Mmarekani aliyezoea kuiona kama chakula cha siku za shida, akikabidhiwa boksi hilo kazini, hajui acheke au ashukuru.

Dhana: Jibini Wakorea hawaijui.

Wilaya ya Imsil, huko huko Korea Kusini, wanaitengeneza tangu miaka ya 1960, alipowaanzishia padri Mbelgiji, Didier t'Serstevens, kwa maziwa ya mbuzi.

Dhana: Si ajipikie mwenyewe!

Rahisi kusema. Vyumba vingi vya kupanga havina oveni. Wapo wanaooka keki ndani ya jiko la umeme la wali, na huiva, ila kitufe inabidi kukibonyeza mara mbili tatu, maana jiko likishapata moto hudhani wali uko tayari na kujizima.