Siku ya Mashujaa, Julai 25: maana yake ni nini hasa

Julai 25 kwa Tanzania ni siku ya msiba. Naanza na hilo kwa sababu kila mwaka ikifika naona watu wanatumiana "heri ya Siku ya Mashujaa" na picha za maputo, sidhani kama wana nia mbaya, ni vile tu hawajaelezwa, na kalenda nayo haisaidii maana siyo siku ya mapumziko, watu wako kazini na daladala zinapita kama kawaida. Siku hii ipo kwa ajili ya waliokufa wakiitetea nchi, na kwa wale waliobaki nyumbani bila wao.

Vita vinavyotajwa zaidi siku hiyo ni vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakakalia ardhi yetu hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, halafu Amin akatangaza kwamba hiyo sasa ni Uganda. Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ambayo kila mzee anaijua, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Na waliokwenda hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao, walikuwepo polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na mgambo, yaani vijana waliotolewa shambani huko mikoani, wakafundishwa haraka haraka, wakapandishwa malori. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na mapema Juni vita vikaisha.

Sasa hapa ndo kwenye jambo lenyewe. Wengi waliokufa kwenye vita hiyo hawakurudishwa kwao. Wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, makaburi zaidi ya 600 yamepangwa mistari. Kwa sisi wengi mtu anazikwa kwao, kaburi liko pale nyuma ya nyumba au kwenye makaburi ya ukoo, unapalilia majani, mjukuu akiuliza unamwonyesha, huyu ndo babu yako. Mama aliyekuwa kijijini Songea angewezaje, maana Kaboya ni upande wa pili kabisa wa nchi, na kwa barabara za miaka ile safari yake tu ilikuwa mtihani. Kwa hiyo msiba ulikaa bila kaburi, mjane amevaa kaniki, watu wamekaa matanga, wameondoka, na hakuna mahali pa kwenda kuweka hata ua moja. Ndo maana mimi naielewa Julai 25 kama hitma ya taifa, serikali inasimama mahali pa ukoo kwa niaba ya zile familia ambazo hazina kaburi uani. Mwaka 2013 sherehe ya kitaifa ilifanyika kulekule Kaboya, na nadhani pale ndo pahali pake hasa, kuliko hata miji mikubwa tuliyoizoea, Dar es Salaam pale Mnazi Mmoja na Dodoma.

Kusini nako kuna makaburi ya Naliendele, Mtwara, ya wanajeshi wetu waliokufa kipindi cha ukombozi wa Msumbiji. Hayo yanasemwa kidogo mno.

Ukiangalia sherehe yenyewe kwenye tivii utaona inaenda taratibu. Gwaride, tarumbeta ya maombolezo, watu wanasimama kimya, halafu pale mnarani Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, meya anaweka upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Silaha zote hizo ni za kwetu za asili, hakuna bunduki hata moja, na hilo mimi linanigusa, maana linawaunganisha askari wa juzi na wale waliopigana kabla hata hatujaitwa Tanzania. Baadaye viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa dini yake.

Na siyo habari ya wazee tu. Julai 2013 walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 2017 kule Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, kambi ikashambuliwa usiku wakauawa 14, miili ikaletwa Dar es Salaam ikaagwa, majeneza yamefunikwa bendera. Wake wa hawa wengine bado vijana, watoto wao wako shule sasa hivi, inawezekana mmoja anakaa dawati moja na mwanao na hujui.

Wakenya nao wana Mashujaa Day Oktoba 20, watu wanachanganya sana, ila ile ni pana zaidi, inawaenzi waliopigania uhuru na wengine wengi walioitumikia nchi, hata walio hai. Ya kwao ya wanajeshi ni Oktoba 14, siku ambayo jeshi lao, KDF, liliingia Somalia mwaka 2011.

Kinachoniuma ni kwamba familia huwa zinatajwa kwa sentensi moja ya hotuba, kisha basi. Mjane wa askari hahitaji heri yako siku hiyo. Anahitaji umpitie, ukae, umtaje marehemu kwa jina lake, uulize alikuwa kombania gani, alikuwa anapenda nini, alipenda kuimba au alikuwa mkimya, kwa sababu kadiri miaka inavyokwenda watu wanaona aibu kumtaja wakidhani watamliza, na yeye anabaki na hilo jina peke yake humo ndani. Na kama mtaani kwenu yupo mzee aliyefika Kampala mwaka 79, nendeni na watoto wakamsikilize, anawajua waliobaki Kaboya kwa sura.